Soko liachwe, jumla ifunguliwe au bei ipangwe? Njia nne za kusimamia intaneti na video, zikipimwa kwa hali ya Mombasa

Kwa nyaya za baharini, Mombasa haina njaa. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, LION2 ikafuata 2012, na baadaye zikaja DARE1 na PEACE. Lakini panda ngazi za fleti moja ya Tudor au Bamburi uwaulize wapangaji wananunua intaneti kwa nani. Mara nyingi utatajiwa jina moja, kwa sababu ni waya mmoja tu ulioruhusiwa kupita getini. Ushindani umejaa ufukweni, ngazini umekauka.

Kwa hiyo swali la kama serikali iingilie au ikae kando halitufikishi mbali. Njia zote nne zilizolinganishwa hapa ni za soko. Hakuna hata moja inayotaka serikali iwe ndiyo muuzaji wa intaneti. Tofauti yao ni mlango upi mdhibiti aushike wazi na upi awaachie wafanyabiashara. Ulinganisho huu ni wa mtu atakayeombwa maoni: kamati ya wakazi, mwenye kampuni ndogo ya intaneti, mwakilishi wadi, meneja wa majumba.

| Njia | Mdhibiti anagusa nini | Inafaa wapi | Inaharibikia wapi |
|---|---|---|---|
| Kuliachia soko | Hagusi mapema; anaadhibu makosa yakishatokea | Penye waya za kampuni tatu au zaidi | Jengo lenye waya mmoja; kesi huchukua miaka |
| Kufungua jumla (mwenye waya awauzie wapinzani wake kwa jumla) | Mitaro, nguzo, faiba na haki ya kuingia jengoni | Penye njia moja isiyojengeka mara mbili | Bei ya jumla ikibana, au mwenye jumla akiwa mmoja asiye na mpinzani |
| Kupanga bei | Ada kati ya kampuni na kampuni | Mahali mteja hana pengine pa kupitia | Ikipelekwa kwenye bei ya rejareja |
| Usawa wa trafiki | Namna kampuni inavyopitisha data ya wengine | Kampuni inayouza intaneti na video kwa pamoja | Kosa ni gumu kuthibitisha bila vipimo |

Kuliachia soko

Marekani ndiyo imeijaribu njia hii kwa vishindo zaidi, na imegeuka geuka. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Brand X, ilikubali intaneti ya waya za televisheni isiwekwe kwenye kundi la huduma za simu zenye masharti mazito. Mwaka 2015 FCC, tume ya mawasiliano ya huko, ikaiweka humo. Desemba 2017 ikaitoa. Aprili 2024 ikairudisha, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Hoja ya wanaotaka mkono mwepesi haikubadilika muda wote huo: mtu hatachimba mtaro kwa pesa zake ikiwa kesho ataamriwa kuugawana na mpinzani kwa bei asiyoipanga yeye.

Hoja hiyo ina nguvu, na baharini imethibitika. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Kilichoishusha bei ni waya ya pili, ya tatu na ya nne. Hakuna aliyeamuru. Waya nyingi zilileta pia akiba ambayo sheria isingeweza kuileta. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS. Mei 2024 zikakatika EASSy na SEACOM kwa pamoja upande wa Afrika Kusini. Mara zote mbili kampuni zilizokuwa zimenunua njia kwenye waya zaidi ya moja zilikuwa na pa kukimbilia. Zilizoweka mayai yote kwenye tenga moja ziliumia. Baharini, basi, mdhibiti asipange bei. Inatosha aidai kila kampuni iwaambie wateja wake inategemea waya ngapi, na kama hizo waya zinapita njia tofauti kweli au ni majina mawili yanayolala kwenye mkondo mmoja.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa soko huria huliruka. Ukiritimba nao hujua kuitumia sheria. Kituo cha KIXP, ambako kampuni za intaneti hubadilishana data, kilipofunguliwa Nairobi mwaka 2000, Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake, ililalamika kwa mdhibiti na kituo kikafungwa. Kiliruhusiwa tena mwaka 2002. Kwa muda huo barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili ilikuwa ikizungushwa ng'ambo kwa setilaiti.

Njia hii inaanguka mahali mshindani wa pili hawezi kufika. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza makubaliano ya kubana biashara na matumizi mabaya ya nguvu sokoni, lakini inafanya kazi baada ya madhara. Kampuni changa yenye wateja mia mbili pale Mikindani haina miaka mitatu ya kulipa mawakili.

Kufungua jumla

Anayejua soko la Kongowea anaijua njia hii tayari. Mwenye lori la viazi anaweza kuwauzia wachuuzi na akawa na kibanda chake cha rejareja papo hapo. Hakuna ubaya, hadi siku atakapowauzia wachuuzi gunia kwa bei iliyo karibu na ile anayouzia kibandani kwake.

Kwenye faiba kuna namna tatu za kufungua. Ya kwanza ni kampuni ya jumla isiyouza rejareja kabisa. Stokab ya Stockholm, mali ya jiji tangu 1994, hukodisha faiba tupu kwa kila anayeomba kwa masharti sawa na haiuzi intaneti kwa mtu. Ya pili ni kutenga idara: Uingereza iliifanya kampuni ya simu ya BT iwe na Openreach, idara ya waya yenye wajibu wa kuwahudumia wapinzani sawasawa, kisha mwaka 2017 yakafikiwa makubaliano ya kuifanya kampuni yake yenyewe kisheria. Ya tatu ni nyepesi zaidi: kugawana mitaro, nguzo na haki ya kupita tu, kila mmoja akaleta waya yake.

Jumla ya mtu mmoja si dawa ya moja kwa moja. Rwanda iliipa KT Rwanda Networks haki ya peke yake ya kujenga 4G na kuwauzia wengine kwa jumla, kwa mpango uliotiwa saini 2013. Mtandao ulienea nchi nzima, lakini kampuni za simu hazikuwa na hamu ya kuuza kitu ambacho faida yake inabaki kwa mwingine, na watu wengi waliendelea na 3G. Kufikia 2023 kampuni nyingine zilikuwa zimeruhusiwa kuendesha 4G yao. Jumla inafaa pale ambapo kweli haiwezekani kujenga mara mbili. Minara ya simu si mahali pa namna hiyo. Ngazi za fleti ni mahali pa namna hiyo.

Hesabu ya kubanwa kwa bei ndiyo inayopaswa kufanywa kwanza, na wengi huikosea kwa kusahau kodi. Tuchukue kifurushi cha mfano kinachouzwa rejareja shilingi 3,000. Ndani yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, kiwango cha Sheria ya Fedha ya 2023, na juu ya jumla hiyo kuna VAT ya asilimia 16. Gawanya 3,000 kwa 1.15, kisha kwa 1.16: zinabaki kama shilingi 2,249. Mwenye waya akimuuzia mpinzani njia hiyo kwa 1,900 kabla ya kodi, mpinzani ana shilingi 349 kwa mwezi za kulipia rauta, fundi, simu za malalamiko, njia ya kwenda ng'ambo na wateja wanaohama bila kulipa. Rauta ya shilingi 4,000 pekee, ikigawanywa kwa miezi 24, inakula 167 kati ya hizo. Kwa karatasi mlango uko wazi. Kwa pesa umefungwa.

Jambo la pili ni ujenzi wenyewe, na hapa ndipo kanuni nyingi nzuri hufia. Faiba ya majumbani kwa kawaida hutumia mfumo wa GPON: tundu moja la mtambo hushusha gigabiti 2.488 kwa sekunde, kisha spilita hugawa mwanga kwa nyumba 32. Wote wakivuta kwa pamoja, kila nyumba inapata kama megabiti 78. Spilita ikifichwa katikati ya jengo, mpinzani hana uzi wa kukodi. Anachoweza kununua ni data iliyokwisha kupita kwenye mtambo wa mwenye waya, na ubora wake utakuwa ule mwenye waya anaoutaka. Lakini kila fleti ikivutiwa nyuzi mbili moja kwa moja hadi sanduku la chini, karibu na mita za stima, kila kampuni italeta spilita yake kwenye sanduku hilo na mpangaji atahama kwa kuchomoa patchi (uzi mfupi wa kuunganishia) na kuchomeka nyingine. Gharama ya uzi wa pili wakati wa ujenzi ni ndogo sana. Baada ya kuta kupigwa rangi ni habari nyingine.

Mafundi wakati mwingine hujaribu kukwepa hilo kwa kuunga spilita juu ya spilita. Ile ya 1 kwa 32 peke yake inakula takriban desibeli 17 (kipimo cha mwanga unaopotea), na mitambo mingi ya GPON ya daraja la B+ inavumilia hasara ya 28 kwa njia nzima. Ongeza spilita nyingine ya 1 kwa 8, yaani kama desibeli 10 zaidi, na maungio matatu yaliyoingia vumbi au chumvi ya bahari, na taa nyekundu itawaka. Mpangaji atasema kampuni mpya ni mbovu, na mwenye jengo atasema ushindani haufai.

Hata Marekani ya mkono mwepesi haikuliachia soko ngazi za fleti. FCC ilipiga marufuku mikataba ya kuzuia wapinzani wa televisheni ya waya kwenye majumba mwaka 2007, na mwaka 2022 ikabana zaidi mikataba ya kampuni kumgawia mwenye jengo mapato ili awe na mwenziwe mmoja tu. Yaliyoachwa ni makubaliano ya kutangaza: kampuni inaweza kulipia bango kwenye lango, lakini sasa lazima iwaambie wapangaji wazi kwamba imelipia.

Na Kenya imeshawahi kufungua jumla, ingawa wachache huita hivyo. Televisheni ilipohamia dijitali, kituo hakikuhitaji tena mlingoti wake. Kinapeleka picha kwa msambazaji wa mawimbi, naye anasambaza. Mwenye mlingoti akatengwa na mwenye kipindi. Vita vya 2015 havikuwa vya teknolojia. Vilikuwa vya nani amiliki jumla: leseni za kwanza zilikuwa za Signet ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, na kampuni ya Kichina ya PANG, na vyombo vikubwa vilitaka kujisambazia. Februari 2015 vikazimika karibu wiki tatu. Funzo ni la utaratibu: kabla ya kutenga jumla, amua nani ataimiliki na ada itapangwa vipi.

Kupanga bei

Njia hii ina sehemu yake, na sehemu yenyewe ni nyembamba. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, simu haina njia isipokuwa kupitia mtandao wake, kwa hiyo mtandao huo unaweza kudai chochote. Mdhibiti wa Kenya alipoishusha ada hiyo ya kati ya kampuni kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 mwaka 2010, bei za kupiga simu ziliporomoka kwa ushindani ambao kampuni zenyewe ziliuanzisha. Machi 2024 ada ilishushwa hadi shilingi 0.41. Hakuna aliyepanga bei ya rejareja.

Kuiga hilo kwenye bei ya vifurushi vya nyumbani ni kosa. Kasi, kikomo cha data na ubora hubadilika haraka kuliko gazeti la serikali linavyochapishwa. Ukiweka dari, kampuni itabaki na bei ile ile na kupunguza kilicho ndani. Kinachostahili kupangiwa bei ni kodi ya nguzo za stima na mitaro, kwa sababu mwenye nguzo hana mpinzani barabarani. Mombasa hilo lina uzito wa pekee. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kuchimba ni ghali, na ndiyo maana faiba nyingi inaning'inia. Mji wa Kale una kizuizi chake zaidi: ni eneo la uhifadhi lililo chini ya Makavazi ya Taifa, vichochoro havina nafasi ya mitaro mitatu. Huko chimba mara moja, weka mabomba matatu au manne, kodisha.

Usawa wa trafiki, na video

Video ndiyo inayoifanya mada hii iwe na ugomvi. Picha safi ya kawaida inahitaji megabiti 5 kwa sekunde, yaani gigabaiti 2.25 kwa saa. Bando la gigabaiti 10 linaisha baada ya saa nne na nusu hivi. Picha ya 4K ya megabiti 15 inakula gigabaiti 6.75 kwa saa. Mlingoti wa televisheni hutuma picha moja kwa mji mzima, watazame kumi au laki. Intaneti hutuma nakala kwa kila kioo: fleti elfu moja zikitazama mechi moja ni gigabiti 5 kwa sekunde. Ndipo kampuni za intaneti huuliza kwa nini wenye video wasilipe.

Korea Kusini imelijaribu jibu la "walipe". Kanuni zake za mwaka 2016 ziliifanya kampuni inayotuma data nyingi iilipe inayopokea, na gharama ikafuata hadi kwa wenye video. Twitch, huduma ya video za moja kwa moja, ilifunga kazi zake huko Februari 2024 ikitaja ada za mtandao. India ilikwenda upande mwingine: Februari 2016 mdhibiti wake alikataza kutoza bei tofauti kwa kufuata tovuti, na mpango wa Free Basics wa Facebook, uliotoa tovuti chache bure, ukakoma nchini humo. Kwa kipimo cha Mombasa, njia ya Korea ni ya hatari zaidi. Mwenye video ana dawa rahisi kuliko ada: kuweka mjini mashine za akiba, yaani za kuhifadhi nakala za video, kwenye vituo vya data na tawi la KIXP la Mombasa, ili mechi iingie mara moja na igawanywe hapa hapa. Anayelazimishwa kulipa kwa kila gigabaiti hana sababu ya kuleta mashine yake karibu.

Bando za bure za programu fulani ni jambo gumu zaidi kuliko wapiganaji wa pande zote wanavyokiri. Mwenye shilingi 20 anafaidika nazo leo. Hasara inamwangukia mwenye programu changa ambaye hayumo kwenye orodha. Kanuni inayofaa ni ya kati: bure iwe kwa aina nzima ya huduma, na yeyote wa aina hiyo aingie kwa masharti yaliyochapishwa. Ikiwa kampuni ya intaneti ina huduma yake ya video, isiipe bure peke yake.

Kudai kwamba unabanwa kunahitaji vipimo. Pima kati ya saa mbili na saa nne usiku, siku tano mfululizo, kwa waya, si kwa Wi-Fi. Pima kasi kwa programu ya kawaida; kisha tazama video na uandike ubora unaopata; kisha washa VPN (programu inayoificha data yako na kuipitisha njia nyingine) utazame video ile ile. Kasi ikiwa juu, video chini, na VPN ikaiponya, kuna mambo mawili: ama video inabanwa kwa makusudi, ama njia ya kampuni yako kwenda kwa mwenye video imejaa na VPN imepita kwingine. Rudia saa kumi alfajiri. Ikipona yenyewe alfajiri, ni msongamano. Isipopona, una kesi ya kupeleka kwa kampuni kwanza, kisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwa upande wa ving'amuzi, kanuni inayovilazimisha kubeba chaneli za bure ibaki, maana inawalinda wasio na intaneti. Lakini kuzibebesha huduma za video za intaneti masharti yote ya king'amuzi ili "uwanja uwe sawa" ni kusawazisha kwa kwenda juu. Afadhali king'amuzi kipunguziwe masharti ambayo yaliwekwa wakati masafa yalikuwa haba.

Nani ana uwezo wa kuamua nini

Maoni mengi hupotea kwa kupelekwa ofisi isiyohusika. Jedwali la nne la Katiba liliweka mawasiliano mikononi mwa serikali ya kitaifa; kaunti haiwezi kupanga bei ya intaneti wala kutoa leseni yake. Kaunti ina barabara zake, mipango miji na idhini za ujenzi. Inaweza kukataa kupitisha ramani ya fleti isiyo na bomba la faiba na sanduku la chini lililo wazi kwa wote, na hilo lina nguvu kuliko hotuba kumi.

Vibali vya kuchimba ni uwanja wa pili. Barabara moja ya Mombasa inaweza kuwa ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), inayofuata ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), kichochoro cha kaunti. Marekani ilikuwa na maradhi kama hayo, kila mji ukitoza na kuchelewesha kibali cha televisheni ya waya. Texas ikakihamishia jimboni mwaka 2005, na FCC ikaweka kikomo cha siku 90 kwa mwombaji ambaye tayari ana haki ya kutumia barabara. Dirisha moja lenye kikomo cha siku, ada iliyochapishwa kwa kila mita, na amana ya kurudisha lami: hayo matatu yataleta waya ya pili Likoni na Changamwe upesi kuliko kanuni yoyote ya bei.

Kanuni za kitaifa nazo zina mlango. Sheria ya Hati za Kisheria (Statutory Instruments Act) ya 2013 inadai mashauriano na taarifa ya athari, na kanuni iwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Andika kifungu kwa kifungu, weka vipimo vyako, pendekeza maneno mbadala. Kwa jengo, maneno haya yanatosha kuanzia mkataba na kampuni yoyote: "Mwenye jengo hatazuia mtoa huduma mwingine mwenye leseni kutumia bomba na sanduku la chini, waya wa ndani ya jengo ni mali ya jengo mkataba ukiisha, hitilafu ya kampuni moja haitatoa ruhusa ya kugusa patchi ya nyingine." Kampuni ikikataa kipengele cha pili, cha waya wa ndani, iulize inataka kurejesha gharama yake kwa miezi mingapi, uandike miezi hiyo badala ya "milele".